Milimita Tatu Juu

Jumapili, 2 Machi

Leo ni siku ya kumi na tano tangu niwe mke wa Frankline. Mke wa Frankline! Nimeandika mara mbili na bado mkono unataka kuandika tena. Daftari hili nimelinunua sokoni Kibuye nikitoka kanisani, kwa sababu furaha imenijaa na rafiki yangu Dorca amechoka kuisikiliza. "Beldina," ameniambia, "kwani Kisumu hii umeolewa wewe peke yako?" Basi nitaliambia daftari.

Tunakaa Kaloleni, vyumba viwili katika zile nyumba kuukuu za baraza la mji. Chumba cha ndani ni chetu. Chumba cha mbele ni cha pikipiki. Sitanii. Ni pikipiki nyekundu ya mbio, injini ya mia sita, aliyoinunua ikiwa chuma kilichogongwa akaifufua mwenyewe kwa miaka mitatu, na haiwezi kulala nje kwa sababu ya wezi. Mama yake alipokuja kutoka Usenge na mfuko wa omena, aliipita kwa ubavu bila kuiangalia, kama mtu anayempita mke mwenza. Mimi siionei wivu. Kitu anachokipenda Frank, nami nakipenda.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya pikipiki na juu ya kitanda. Frank amehamisha pikipiki kwanza. Nimecheka mpaka nikatoa machozi.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimemwona akiendesha na sijui kama moyo wangu umesharudi mahali pake.

Ni kiwanja cha zamani cha zile ndege ndogo zilizokuwa zikipulizia miwa dawa, mbele ya Ahero, miwa pande zote. Mwenye kiwanja amekiongezea lami ikazunguka, kona sita. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, wanakuja watu wa Eldoret, Nakuru na Kisumu, pikipiki kumi, kumi na mbili, na wanashindana. Frank alipovaa ile suti yake ya ngozi nilisahau nimesimama kwenye matope na viatu vya kanisani.

Kuna Waswa. Waswa ni wa Bungoma, anafanya kazi na Frank katika karakana ya Mzee Enos, ambako mume wangu ni fundi wa leithi, anachonga shafti za mashine za posho na vyuma vya injini za boti. Waswa ni mrefu, mkimya, anavaa kofia ya sufu hata juani. Yeye hushika saa na spana. Frank akishuka kwenye pikipiki, mtu wa kwanza kumwangalia ni Waswa, si mimi. Hilo nimeliona.

Frank amemaliza wa nne. Kila akitoka kona ya mwisho, jamaa mmoja wa Nakuru anayeitwa Cliff anampita kwa ndani kama amesimama.

"Nyuma inakalia matako," Waswa akamwambia. "Kama mama wa chapati kwa stuli yake. Na mbele inaelea."

"Omera, ndugu yangu, nimeona," Frank akasema. "Dawa iko kwa boliti."

Njiani kurudi waliongea habari za boliti mpaka Kisumu. Mimi nilishika mkono wake tu.

Jumanne, 11 Machi

Frank amenieleza hiyo boliti kwa mwiko na kisu, ugali ukipoa. Mwiko ni swingamu, yaani ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Upande wa mbele mkono umefungwa kwenye fremu kwa boliti moja nene, na hapo ndipo unapochezea, ukipanda na kushuka gurudumu likipita kwenye matuta. Akifungua mafuta akitoka kona, uzito wote unakimbilia nyuma, nyuma inazama, mbele inakuwa nyepesi, na pikipiki inakwenda nje badala ya kufuata mstari. Lakini boliti ikipandishwa kwenye fremu, mkono unalala kwa mteremko zaidi, na mvuto wa cheni wenyewe unausukuma upande wa nyuma juu usizame.

"Kupandishwa kiasi gani?"

"Milimita mbili. Tatu."

"Tatu tu?"

"Nyar Katito," akasema, akiniita binti wa kwetu, "pikipiki si kabati. Milimita tatu hapo ni kama kuhamia nchi nyingine."

Pikipiki za bei kubwa zinatoka kiwandani na nafasi ya kuisogeza hiyo boliti. Yake haina. Kwa hiyo atapanua tundu la fremu na kuchonga mwenyewe bushi, yaani pete za chuma za kukaa tunduni, mbili, moja kila upande, zenye tundu lililosogea pembeni ya katikati. Akaendelea na habari za cheni, kwamba boliti ikipanda cheni nayo ni lazima sijui nini, lakini mimi nilikuwa naangalia vidole vyake vikigeuza ule mwiko, na nusu ya maneno sikuyasikia. Vidole vya fundi, vina makovu madogo meupe. Ni vyangu vyote kumi.

Ijumaa, 14 Machi

Ameleta bushi zimefungwa kwenye leso, akanifungulia kiganjani mwangu kama pete. Zinang'aa! Nilitaka moja niivae shingoni. Amesema zikitofautiana hata unene wa unywele, upande na upande, swingamu itakaa kombo na itamuua. Alisema akicheka.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Omena. Mume.

Jumamosi, 22 Machi

Wa tatu! Ameipandisha milimita mbili na Cliff amempita mara mbili tu. Alinikumbatia na suti yote imelowa.

Jumapili, 30 Machi

Mto Nyando umepanda. Baba amepiga simu kutoka Katito, maji yamefika shambani lakini nyumbani bado. Nimemwombea. Frank ameshinda na Waswa chumba cha mbele siku nzima. Niliuliza Waswa hana nyumba? Frank amesema, "Anayo. Lakini pikipiki haiko huko." Huyu Waswa ana hata ufunguo wetu.

Jumamosi, 5 Aprili

Milimita tatu. Wa pili, kwa urefu wa pikipiki moja! Akitoka ile kona ya mwisho, pikipiki imeshikilia mstari kama imepigiwa reli. Cliff mwenyewe alikuja akachuchumaa kwenye tope kuziangalia bushi. "Nani alikuchongea hizi?" Frank akainua mikono yake miwili. Cliff amesema Jumamosi ya Pasaka akishindwa kihalali ataagiza za kwake na za wenzake watatu wa Nakuru. Mume wangu hakulala kwa furaha, nami sikulala kwa kumwangalia.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo wamefanya kitu cha ajabu. Wametoa shoko ya nyuma yote, ile springi inayoubeba mkono, mkono ukabaki unacheza wazi, wakawa wanaliinua gurudumu kwa vipande vya mbao. Frank alilala sakafuni jicho moja limefungwa. "Panda. Panda. Hapo! Usipumue." Waswa akapima cheni kwa rula. Mimi nilikuwa jikoni na mandazi mafutani, nikawa nawasikia tu.

"Omera, ukirudisha shoko hii itakuwa loose sana," Waswa alisema. "Itaruka meno ya sproketi."

"Haitaruka. Acha hivyo."

"Mimi nasema tu."

"Na mimi nasema acha."

Nikaita kwamba mandazi yanapoa. Nilipoleta chai walikuwa wanapangusa mikono. Frank amechora alama ndogo kwa sindano pale inapokaa ekseli, ule mhimili wa gurudumu la nyuma. Ana desturi yake: Alhamisi ndiyo mwisho wa spana. Pikipiki ikishafungwa haiguswi tena mpaka mashindano yaishe, hata na yeye. Anasema mtu akishika spana siku ya mashindano anaishika kwa woga, na woga haujui kipimo. Kila anachosema ningeweza kukiandika ukutani.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nina siri tamu.

Frank amekwenda kwenye Njia ya Msalaba na wenzake wa kanisa, nikamwambia kichwa kinaniuma. Mungu anisamehe, nilitaka kubaki nimfanyie kitu. Nimemwoshea pikipiki. Ndoo tatu za maji, sabuni ya unga, mswaki wa zamani kwenye kila pembe. Imekuwa nyekundu kama siku aliyonipeleka kuiona mara ya kwanza.

Na nilipofika kwenye cheni, nikaona. Imelegea! Pikipiki iko juu ya stendi, gurudumu linaning'inia, na cheni inalala kama kamba ya kuanikia nguo. Ngumi yangu nzima imepita. Baba yangu ni mtu wa boda boda hapo Katito, njia panda ya Kendu Bay, tangu niko darasa la nne, na mimi ndiye niliyekuwa namkazia cheni kwa sababu ya mgongo wake. Inyanyue pikipiki, cheni icheze vidole viwili, basi. Kila mtoto wa boda anajua. Frank hajui kwamba najua. Sijawahi kumwambia, niliona haya kumwambia nilikulia kwenye grisi.

Nikaelewa kilichotokea. Walikuwa wanabishana na Waswa, mandazi yakaingilia, wakasahau kuikaza. Kosa ni la mandazi yangu. Najua desturi yake, lakini desturi si ya kumwacha mume wangu aende na cheni ya namna hiyo. Nikachukua spana kubwa, nikalegeza nati ya ekseli, nikazungusha zile boliti ndogo za kando, nusu kushoto, nusu kulia, mara tatu. Vidole viwili. Nikakaza nati kwa uzito wangu wote.

Sijamwambia. Kesho akishinda nitamwambia sikioni, na Waswa akiwa hapo hapo amesimama.

Jumatatu, 21 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Jumamosi mvua ilikuwa ya rasharasha tangu asubuhi. Frank alizunguka mara mbili polepole kupasha tairi moto, akarudi, akainua kioo cha kofia.

"Nyuma iko ngumu leo," alisema.

"Tuangalie cheni?" Waswa aliuliza. Alikuwa tayari amechuchumaa.

"Imefungwa. Haiguswi. Ni baridi ya tairi."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwao, nimeshika mwavuli. Nilitabasamu. Nilijisikia fahari, kwamba ni ngumu kwa sababu ni mimi. Naandika hili ili lisibadilike baadaye kichwani mwangu. Nilitabasamu.

Mzunguko wa kwanza alikuwa wa pili. Mzunguko wa pili hivyo hivyo. Mzunguko wa tatu alitoka kona ya mwisho kwa upande wa ndani wa Cliff, mbele yake, na watu wakapiga kelele. Baada ya kona hiyo kuna bonde dogo, pale lami mpya inapokutana na ile ya zamani. Frank aliingia bondeni amefungua mafuta yote. Nikasikia kama mlio wa bati likipasuliwa. Gurudumu la nyuma likakwama. Pikipiki ikajirusha kando, ikamtupa juu, ikashuka juu yake, wakaburuzika pamoja mpaka kwenye mtaro wa saruji.

Waswa alifika kwanza. Alikimbia mpaka kofia yake ikaanguka. Nilipofika alikuwa amepiga magoti mtaroni ameushika mguu wa kushoto wa Frank kwa mikono yote miwili chini ya goti, amekaza macho kwenye miwa. "Shemeji, usiangalie. Shika kichwa. Ongea na yeye." Nikashika kichwa. Sikumbuki niliongea nini. Cheni ilikuwa imekatika na kujisokota kwenye sproketi ya nyuma kama nyoka aliyepigwa.

Cliff alileta pikapu yake. Waswa hakuuachia ule mguu mpaka hospitalini. Alipouachia, vidole vyake havikuweza kunyooka.

Jumanne, 22 Aprili

Frank anaongea. Daktari anasema mfupa umevunjika vipande vipande na uchafu wa mtaroni umeingia ndani, wanasubiri waone kama mguu utapona.

Jioni walikuja Mzee Enos na mafundi wanne. Frank alikuwa amemtuma Waswa alete ekseli na vile vishikio vyake. Frank akaviweka kifuani, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Alama yangu imesogea," akasema. "Mtu alikaza. Nusu tatu kila upande."

Akavigeuza upande wa pili.

"Boliti yangu iko juu milimita tatu. Cheni ya pikipiki ile inakaza zaidi mkono ukinyooka, si ukining'inia. Ndiyo maana kwa stendi inaonekana imelegea. Mtu ameipima kwa stendi, kama boda! Nikaingia bondeni, mkono ukanyooka, cheni haina nafasi, ikakatika." Akageuza kichwa. "Waswa. Ulisema iko loose sana."

"Nilisema. Lakini sikugusa."

"Nyumba ina funguo mbili. Mmoja wangu, mmoja nilikupa wewe."

Ufunguo wangu hakuuhesabu.

"Frank, mimi sikugusa."

"Ulijua kuliko mimi? Useme tu ulijua kuliko mimi!"

"Bwana Frank..."

"Toka. Toka hapa na hiyo kofia yako."

Waswa alivaa kofia yake. Alimwangalia Mzee Enos, akamwangalia kila fundi, halafu akaniangalia mimi, si kwa muda mrefu. Akatoka.

Nilifungua mdomo. Nikamwambia Frank anywe maji.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Homa yake imepanda.

Jumamosi, 26 Aprili

Wameukata, chini ya goti. Saa nne asubuhi. Mama mkwe alikaa sakafuni ukumbini, nami nikakaa kando yake, na alinifunika na leso yake. Anadhani nalia kama yeye anavyolia.

Jumatano, 30 Aprili

Frank ameniambia, "Jaherana, mpenzi wangu, bila wewe ningekunywa sumu." Ameniambia hivyo. Nitamwambiaje sasa?

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda kanisani. Nilioga mara mbili.

Jumanne, 6 Mei

Mzee Enos amemwondoa Waswa kazini. Dorca ndiye aliyeniletea habari. Anasema Mzee hakuwa na la kufanya, wenye pikipiki walikuwa wanafika mlangoni, wakimwona Waswa wanageuza. Sasa wanamwita Kaza-Cheni. Alijaribu karakana mbili huko Obunga. Jina lilikuwa limefika kabla yake.

Nilikuwa nikifikiri Waswa ni mtu anayenitwalia mume siku za Jumamosi. Naona aibu hata kuandika jina lake.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekutana naye Kibuye. Mvua ilitukimbiza wote chini ya kibanda kimoja cha mitumba. Alikuwa amebeba begi. Alisema anakwenda Usenge kujaribu kwa injini za boti, huko hawajui pikipiki.

"Frank anaendeleaje na maumivu?"

"Anasema vidole vinamwasha. Vile ambavyo havipo."

"Msugue ule mguu uliobaki mzima, mahali pale pale. Mjomba wangu ilimsaidia."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Nikasema, "Waswa, kuhusu ile cheni..."

"Shemeji, nilipofungua nati ya ekseli, ndani ya nyuzi kulikuwa na sabuni ya unga imekauka. Mimi na Frank hatujawahi kuosha pikipiki kwa Omo."

Nilishika nguzo ya kibanda.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili, siku moja baadaye. Kabla Frank hajaniambia nilete ekseli."

"Kwa nini ulinyamaza? Mbele ya wale wote?"

Akakamua kofia yake maji, akaivaa tena. "Mguu ulikuwa unaenda. Nikafikiri, apoteze na bibi pia? Basi." Halafu akasema, bila hasira, na hilo ndilo limenikata: "Lakini nilidhani utasema. Si siku ile. Nilidhani wiki hiyo."

Mvua haikuwa imeisha alipoondoka.

Jumamosi, 17 Mei

Frank amerudi nyumbani. Chumba cha mbele ni kitupu, Mzee Enos alikihifadhi kile chuma kwake. Mama mkwe amekuja kukaa nasi. Frank anaangalia mahali ilipokuwa pikipiki. Cliff amempigia simu kuhusu bushi za pikipiki nne. Amemwambia hachongi tena kitu kinachobeba mtu, maana hawezi kujua ni mkono gani utakaokuja nyuma ya mkono wake.

Jumatano, 21 Mei

Ananiamini kwa kila kitu. Dawa, choo, wembe wa ndevu. Jana aliniambia Waswa alikuwa kama ndugu wa tumbo moja na sasa akilisikia jina lake mdomo unajaa uchungu. Nilikuwa namsugua mguu mzima wakati huo, kama Waswa alivyonielekeza.

Jumamosi, 24 Mei

Nimesema.

Ilikuwa saa tano asubuhi, mama mkwe akichambua mchele mlangoni. Nilikaa kwenye stuli mbele ya Frank na kusema bila kuzunguka: "Cheni niliikaza mimi. Ijumaa Kuu, ulipokuwa kwenye Njia ya Msalaba. Waswa hakugusa."

Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

"Waswa amekutuma?"

"Hapana!"

"Mlionana wapi?"

"Kibuye, lakini..."

"Eh. Mlionana Kibuye." Akachukua mkongojo wake na kuugonga sakafuni mara moja. "Na akakufundisha useme nini kingine? Wewe unajua kukaza nini, Beldina? Wewe unayeogopa kufungua mtungi wa gesi?"

Ni kweli. Mtungi wa gesi nilikuwa nikijifanya kuogopa, ili aje anishike mikono kutoka nyuma.

"Nusu tatu kila upande," nikasema.

"Hiyo nilisema mwenyewe hospitalini, mbele ya wote."

Mama mkwe ndiye aliyeniamini. Aliweka ungo chini, akasema bila kuinua sauti, "Nyathina, mwanangu, ungesema siku ile ile, ningekupiga kofi moja likaisha. Sasa nikupige na nini?"

Jumatatu, 26 Mei

Nimekwenda peke yangu kwa Mzee Enos kuwaambia mafundi, maana jina la Waswa liliharibiwa mbele yao. Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja akasema, "Shemeji, unamtetea Waswa sana. Kuna nini hapo?" Wakacheka, si kwa nguvu. Mzee Enos akasema, "Mama, rudi nyumbani kwa mgonjwa."

Habari zilifika Kaloleni kabla yangu. Frank hakunijibu salamu.

Jumamosi, 31 Mei

Leo nilimwambia Frank: "Usiniamini mdomo. Twende uangalie mikono." Nilisema mara tatu. Mara ya tatu mama yake akamwambia, "Nenda. Kama anadanganya utajua leo." Nikaita tuktuk.

Karakana ilikuwa imejaa, Jumamosi watu wengi. Frank alikalishwa kwenye kreti karibu na leithi yake, ambayo ilikuwa imefunikwa gunia. Nikamwomba Mzee Enos pikipiki yoyote.

"Ya nini?"

"Mzee, nipe tu."

Kulikuwa na boda moja ya mteja. Aliinyanyua kwenye stendi, akailegeza cheni mwenyewe mpaka ikaning'inia, akanitupia spana kama mtu anayemtupia mtoto mfupa. Mtu mmoja akapiga mluzi.

Nilifunga leso kiunoni nikapiga magoti. Nilikuwa na hofu mikono itasahau. Haikusahau. Nati ya ekseli ilikuwa na kutu, nikaipiga kwa kiganja kwenye mpini wa spana, kama Baba, ikakubali. Nusu kushoto, nusu kulia. Nikachungulia kwa nyuma kama gurudumu limenyooka. Nusu tena. Nikazungusha gurudumu kutafuta pale cheni inapokaza zaidi, nikaiinua kwa vidole viwili. Nusu ya tatu. Nikakanyaga tairi kwa mguu na kukaza nati kwa uzito wote, mpaka ikalia.

Mluzi ulikuwa umeisha kabla sijafika kwenye nusu ya pili.

Nilipogeuka, Frank alikuwa anaangalia mikono yangu. Ilikuwa na grisi mpaka kwenye pete. Aliiangalia kama fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwingine, akitafuta kosa asilione. Kwa boda ile ilikuwa kazi safi.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Baba."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hapana."

Nje mtu alikuwa anachomelea geti, cheche zikimulika uso wake na kuzima. Kisha akamwambia Mzee Enos, "Mpigie Waswa. Mwambie arudi."

"Mimi nimwambie?" Mzee Enos akasema. "Wewe ndiye ulimwambia atoke. Na mimi nitamwambia yangu, lakini baada yako."

Frank akachukua simu. Aliinuka kwa mikongojo miwili, akatoka mpaka nyuma ya matangi ya maji ili tusisikie. Tuliona mgongo wake tu. Aliishika simu sikioni. Halafu mgongo ukaanza kutikisika, na wale mafundi, mmoja mmoja, wakarudi kwenye kazi zao na kuwasha mashine, zote kwa pamoja, hata zile zisizo na kazi.

Jumatano, 4 Juni

Mvua imekwisha. Waswa alikuja jana, akaketi na Frank kwa muda wa saa tatu. Nilileta chai. Walikuwa wakiongea habari za injini za Usenge wakanyamaza nilipoingia, na nilipotoka wakaendelea. Akiondoka Waswa alinishika mkono. Mzee Enos amemrudisha.

Frank haongei nami zaidi ya "maji" na "mlango." Hajaniambia niende kwetu. Hajaniambia nikae.

Ijumaa, 6 Juni

Mama mkwe amerudi Usenge asubuhi. Yeye ndiye aliyekuwa akimwosha kidonda tangu nilipokiri, kwa sababu Frank hakutaka mkono wangu. Leo tumebaki wawili. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikasubiri yapoe, nikaleta beseni na kitambaa kipya. Nikapiga magoti. Alifungua bandeji mwenyewe, polepole, mzunguko kwa mzunguko. Nikanyoosha mkono. Akakitoa kitambaa mkononi mwangu, bila ukali, akakichovya, akajiosha mwenyewe.

Nilishika beseni mpaka alipomaliza.